Kidonda cha Namba Kumi na Nne

Kuna watu wakiona usaha wanageuza uso, na wengine wakisikia neno lenyewe tu wanasukuma sahani. Namalwa hakuwa wa kundi hilo. Miaka yote ya unesi wake alifuta matapishi, akabeba mabeseni ya kila kitu kinachoweza kumtoka binadamu, akapaka dawa migongo iliyochubuka kwa kulaliwa, kisha akanawa mikono, akaketi, akala ugali wake na omena kwa utulivu. Wenzake walimtania kwamba pua yake iliwekwa usoni kama pambo. Kilichomtia kinyaa Namalwa ni watu wazima wenye afya zao, na kwenye chuo alichokwenda kujiendeleza aliwakuta wa kutosha.

Hakwenda chuoni kwa kupenda. Alikuwa nesi wa cheti katika nyumba moja ya kutunzia wazee huko Karen, mahali penye bustani pana kuliko uwanja wa shule aliyosomea Bungoma. Nesi wa cheti ni nesi nusu. Mikono yake inatakiwa yote, ila mdomo wake unatakiwa ufungwe. Jacklyne, msichana aliyefika pale na stashahada ambayo wino wake haujakauka, alikuwa akimwita "mathe" asubuhi na kumfokea mchana.

"Mathe, hiyo sindano wacha. Hiyo ni ya registered," alikuwa akisema, huku akijua vizuri nani alimwonyesha kabati la sindano liko wapi.

Hayo Namalwa angeyameza. Lakini msimamizi aliwakusanya siku moja, akatangaza huku akitabasamu kwamba baada ya miaka mitatu, mwenye cheti peke yake atafute kazi kwingine. Basi. Mwanamke wa miaka arobaini na moja akanunua begi la shule.

Chuo kilikuwa ghorofa ya tano katikati ya jiji, juu ya duka la kuuza simu lililopiga muziki tangu asubuhi mpaka kufunga. Lifti ilikuwa imekufa siku nyingi. Chooni kulikuwa na karatasi ukutani iliyoeleza hatua za kunawa mikono, na chini yake bomba lisilo na maji. Namalwa alisimama pale siku ya kwanza, mikono imejaa sabuni aliyokuja nayo kutoka nyumbani, akacheka kwa hasira. Wangemfundisha nini watu hawa? Hata hivyo alivumilia. Mchana Karen, jioni mjini, usiku mtaani Satellite kwa mumewe Zadock, ambaye alijifunza kupika mboga kwa lazima na akawa anazitia chumvi kama anayezika samaki.

Masomo ya darasani hayakumshinda. Kilichomsumbua ni ule mtihani wa mwisho wa wodini, ambapo mtahiniwa husimama kando ya kitanda cha mgonjwa wa kweli na mtahini kutoka nje akamtazama anavyofanya kazi. Kazi yenye alama nyingi kuliko zote ni kusafisha kidonda. Na kidonda hakiagizwi dukani. Wanafunzi ni wengi, vidonda vizuri ni vichache, na manesi wa zamu nao wana kazi yao ya kuvisafisha kila asubuhi. Hapo ndipo ulipozaliwa ule utaratibu ambao hakuna kitabu kinachoutaja na hakuna mtu wodini asiyeujua. Kidonda huwekwa. Mwalimu huja jioni ya kuamkia mtihani, akabandika kipande cha plasta juu ya bandeji, akaandika namba ya mtahiniwa kwa kalamu. Ukiona namba, hugusi. Kidonda kile si cha mgonjwa tena mpaka mtahini apite.

Mara ya kwanza Namalwa aliposikia habari hiyo roho ilimchafuka. Alimwambia Zadock kwamba watu hawa ni wachafu kuliko vidonda vyenyewe. Akakataa kubandikiwa namba. Siku ya mtihani ilipofika, alikuta nesi wa zamu amekwisha kumhudumia mgonjwa wake alfajiri, bandeji nyeupe, safi, kidonda kinapumua. Mtahini akatazama saa. "Hapa hakuna kazi," akasema, akaenda kwa mwingine. Namalwa akarudishwa nyumbani angoje duru nyingine, nusu mwaka mzima. Na katika nusu mwaka huo, mtu aliyemchukia usiku na mchana hakuwa mtahini wala mwalimu. Alikuwa yule nesi wa zamu, ambaye kosa lake lilikuwa kufanya kazi yake.

Duru ya pili ikafika, na ule muda waliopewa kule Karen ulikuwa ukingoni. Safari hii hapakuwa na ya tatu.

Walipelekwa hospitali moja ya upande wa magharibi wa jiji, na Namalwa akapewa Mzee Mabruki. Alikuwa mzaliwa wa Malindi, aliyetumikia duka la vitambaa mjini tangu ujana mpaka kisukari kilipomng'oa kwenye kiti cha ukarani. Kidonda chake kilikuwa chini ya unyayo, karibu na kidole gumba. Hakikuwa kidonda cha kutisha. Kilitaka kuoshwa kila siku, kutolewa uchafu, kufungwa vizuri, na kingepona polepole. Namalwa alimwosha juma zima, akamkata kucha, akamnyoa ndevu pembeni alivyopenda mwenyewe. Mzee alimzoea hata akawa hakubali mwingine.

"Mwanangu mkono wako mwepesi," alikuwa akisema. "Mwenyezi Mungu akujaalie upate ukitakacho."

Alichokitaka Namalwa kilikuwa pale pale chini ya shuka, na jambo hilo lilimfanya atazame pembeni kila mzee alipomwombea dua.

Alhamisi asubuhi alikisafisha kwa mara ya mwisho. Jioni akaja mwalimu wao wa wodini, Madam Nzisa, mwanamke wa sauti laini na kucha ndefu zilizopakwa rangi, kucha ambazo mwanafunzi akija nazo wodini hufukuzwa. Akakata plasta, akaandika 14, akampa Namalwa aibandike mwenyewe. Namalwa aliipokea. Aliibandika sawasawa, haikupinda hata kidogo.

"Namba hii ya nini, mwanangu?" mzee akauliza.

"Ni ya kukutambulisha, baba. Kesho watakuja wakubwa kukuona."

"Aa, zamu yangu. Vyema."

Ijumaa watahini hawakuja. Wanafunzi walisimama wamepiga pasi sare, wakanyauka polepole mpaka saa za alasiri, ndipo Nzisa alipopokea simu na kutangaza kwamba wageni wamechelewa mahali pengine. Watakuja Jumatatu. Namalwa akaenda moja kwa moja kuchukua kitoroli cha dawa, akakisukuma hadi kando ya kitanda cha mzee. Nzisa akamfuata, viatu vinagonga sakafu.

"Wewe Namalwa, unafanya nini?"

"Nakisafisha, Madam. Nitakifunga tena. Jumatatu kiko mbali."

"Na Monday utaonyesha nini? Bandeji safi? Si last time ndiyo ilikuangusha hiyo hiyo?" Nzisa alishusha sauti ikawa laini zaidi. "Angalia, kwa hii wodi imebaki dressing moja tu, na ni yako. Zingine watu wa chuo ingine wamechukua. Ukiosha hiyo sasa, mi sina kitu ingine ya kukupea. Na mzee anapewa antibiotic. Ni weekend tu. Hatakufa."

Namalwa alimtazama zile kucha. Alitamani kumwambia maneno ambayo mwanamke wa kanisani hasemi. Lakini kilichomchukiza zaidi, na hilo alilijua papo hapo, ni jinsi mkono wake mwenyewe ulivyokiachia kitoroli haraka, kama uliokuwa ukingoja kuambiwa. Akakirudisha kilipotoka.

Jumamosi hakuwa na zamu ila alikwenda. Harufu ilimpokea kabla hajafika kitandani, ile harufu tamu tamu inayokaa kooni. Daktari wa wikendi alikuwa ndiye anamaliza kupita. Alikuwa ameinua shuka, ameona namba, ameishusha. "Hii ni ya exam, eeh?" akamwuliza Namalwa, na bila kungoja jibu akaenda kwa Mzee Ogutu wa kitanda cha pili, aliyekuwa amevunjika nyonga. Funika kombe mwanaharamu apite. Hospitali nzima ilikuwa imeshika kombe kila mtu upande wake, na Namalwa alikuwa ameshika upande mzito.

Mwanasha, binti wa mzee, alikuwa ameketi pale na bakuli la supu. Alikuwa na kiduka cha manukato na mabuibui mjini, mwanamke nadhifu, hata vidole vya miguu yake vimepakwa hina kwa ustadi. Alipomwona Namalwa akasimama kwa haraka, uso umemwiva kwa haya.

"Dada, utuwie radhi sana kwa harufu," akasema. "Wallahi nyumbani twamuogesha kila siku. Sijui imekuwaje. Nimeona wenziwe wafunika pua, nami nimetahayari."

Namalwa alisimama akiombwa radhi. Mwanasha akatoa kichupa kidogo mkobani, akapaka manukato kwenye pindo la shuka, kwenye pazia, akamfuta baba yake shingoni. Harufu mbili zikashikana, ya oudi na ile nyingine, zikawa mbaya kuliko kila moja peke yake. Kama kuna adhabu inayotolewa kwa pua, Namalwa aliipata siku ile. Alisema, "Usijali, dada, ni kawaida," na maneno hayo yakamtoka laini sana, kwa sauti ya Nzisa.

Mzee alikuwa na homa kidogo. Alimshika mkono.

"Wakubwa hawajaja?"

"Jumatatu, baba. Unaumwa?"

"Si sana. Kwanza mguu wenyewe wafa ganzi. Subira yavuta heri, mwanangu."

Jumapili Namalwa hakwenda hospitali. Alikwenda kanisani pale Satellite, akaimba bila kujua anaimba nini, akarudi na kusugua mikono kwa limau mpaka Zadock akauliza kulikoni. Alimweleza yote. Alitaka aambiwe ainuke, avae viatu, akaoshe kile kidonda. Zadock alikuna kichwa, akatazama sufuria yake.

"Ni siku moja tu imebaki, mama. Si umengoja miezi sita? Kaza tu."

Naye pia. Namalwa alimtazama mumewe, mtu mwema asiyekanyaga hata chungu, akamwona mchafu. Kisha akakumbuka kwamba yeye ndiye aliyejua kisukari kinafanya nini, si Zadock. Hakuinuka. Alisoma hatua za kusafisha kidonda kutoka mwanzo hadi mwisho, na akazijua zote.

Jumatatu watahini walifika, wakaanza na chakula. Huo nao ni utaratibu. Wanafunzi walikuwa wamechanga, wakawapikia kuku, chapati na mboga, vikaandaliwa katika chumba cha sista mkuu kilichopakana na wodi. Kutoka kando ya kitanda Namalwa alisikia vijiko, kicheko, mtu akiomba paja. Mzee Mabruki alikuwa amefumba macho, midomo imekauka. Namba kumi na nne ilikuwa imelowa rangi ya kahawia pembeni.

Mtahini aliyempata, Bwana Mbugua, alikuja akichokoa meno. Alivaa barakoa, akasogea mpaka dirishani, akafungua kidirisha, akabaki huko huko.

"Haya, candidate, anza. Jifanye mimi siko."

Namalwa alianza. Alijitambulisha kwa mgonjwa aliyemjua, akamwomba ruhusa, akanawa, akavaa glavu, akapanga vifaa kwa mpangilio unaotakiwa. Akabandua ile namba. Akafungua bandeji ya nje, akamwagia maji ya chumvi ile ya ndani iliyokuwa imegandamana, akaivuta polepole. Kilichokuwa chini yake hakikuwa kidonda cha Alhamisi. Kidole gumba kilikuwa cheusi, na cha pili, na weusi ulikuwa umepanda juu ya mguu ukielekea kifundoni, ngozi imelegea na kububujika maji. Mzee Ogutu kitandani pake akajifunika blanketi mpaka kichwani.

"Eeeh," akasema Mbugua kutoka dirishani, na sauti yake ilijaa furaha ya kweli. "Hapo sasa una kidonda kizuri. Nzisa, hii mmetoa wapi? Wengine wananionyesha vitu kama mkwaruzo."

Nzisa akatabasamu kwa unyenyekevu, kama mpishi aliyesifiwa.

Kidonda kizuri. Namalwa alisikia maneno hayo na mikono yake haikutetemeka. Hilo ndilo alilokuja kujichukia kwalo baadaye kuliko mengine yote, kwamba haikutetemeka. Aliosha kutoka ndani kwenda nje, hakurudisha pamba mara mbili, hakuvusha mkono juu ya vifaa safi. Wakati anafunga, Mzee Mabruki alifumbua macho, akamtafuta yule mtu wa dirishani.

"Bwana mkubwa," akasema kwa sauti ndogo, "huyu binti mpitishe. Yuwanitunza sana."

"Amepita, mzee," akajibu Mbugua. "Amepita vizuri sana."

Hapo hapo, glavu zikiwa bado mkononi, Namalwa alikimbia kumtafuta daktari. Alimpata, akamleta, akasema kwa mdomo wake kwamba kidonda hakikufunguliwa tangu Alhamisi. Daktari akaangalia, akapiga simu kwa mpasuaji. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Jumanne mguu ulikatwa chini ya goti. Wanafunzi wenzake Namalwa walikuwa ghorofa ya chini wakipiga picha na Madam Nzisa, na mtu akamletea Namalwa kuku aliyebaki katika kopo. Alimtupa na kopo lake.

Matokeo yakatoka, leseni ikatoka. Kule Karen, msimamizi akamkumbatia mbele ya watu. Jacklyne akaacha "mathe" akaanza "Sista Namalwa", na baada ya muda wakawa wanagawana zamu sawa kwa sawa. Kila kitu alichokitaka kikaja kwa mpangilio aliotaka. Wazee wake wote walisafishwa vidonda asubuhi na jioni, hata visivyohitaji, mpaka msimamizi akalalamika kuhusu bandeji.

Mwanasha alimkuta huko. Ilikuwa asubuhi ya jua, amevaa buibui jeusi lililopigwa pasi, mkononi kifurushi. Namalwa alimwona akipita bustanini na akatamani kujificha kwenye kabati la mashuka. Waliketi kwenye benchi la barazani. Mwanasha akamwuliza hali, akaulizia mume, akaulizia watoto, kama inavyopasa, kisha akafungua kifurushi. Ndani mlikuwa na leso mpya na kichupa cha manukato.

"Baba akusalimu sana. Asema hongera kwa kufaulu."

"Anaendeleaje?"

"Yuko. Ajifunza magongo. Hugombana nayo." Mwanasha alikunja ile karatasi ya kifurushi mara nyingi, ikawa ndogo sana. "Dada, nataka nikwambie neno. Baba alijua."

Namalwa aliikazia macho ile karatasi.

"Ile namba. Jumamosi jioni nilipoondoka, Mzee Ogutu alimweleza. Alimwambia, hicho kidonda wamekiweka cha mtihani, piga kelele wakuoshe. Jumapili nilipokuja akanambia mimi, nami nikainuka niende nikagombe na kila mtu. Akanishika. Akasema, 'Kaa kitako. Yule mtoto amenifanyia wema, nisimharibie riziki yake. Yeye ni nesi, ajua kidonda chaweza kungoja hadi lini.'"

Kuku wa msimamizi walikuwa wakiparura chini ya maua. Mwanasha alimgeukia, macho makavu, bila hasira yoyote, na hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya.

"Mpaka leo asema vivyo hivyo. Asema ulikosea hesabu tu, kila mtu hukosea. Nami sikuja kwa ugomvi. Nimekuja nikuulize, ili moyo wangu utulie. Hukujua, sivyo?"

Namalwa alifungua mdomo. Akainuka, akaingia ndani haraka, akalishika sinki la kunawia mikono kwa mikono yote miwili, na kwa mara ya kwanza katika unesi wake akatapika, akatapika mpaka hapakuwa na cha kutapika. Jacklyne alikuja mbio, akamshika bega, akanusa huku na huku.

"Sista Namalwa, ni nini? Ni harufu ya nini?"

Hapakuwa na harufu yoyote. Wodi ilinuka sabuni tu. Nje barazani Mwanasha alikuwa bado ameketi na leso mapajani, akingoja kujibiwa.